Baba Wawili na Pesa Zao

Mume wangu nilimjua akiwa juu ya magunia. Lori la viazi likishuka kutoka Molo na kuingia Nakuru, yeye ndiye aliyekaa kule nyuma, amejitanda gunia mabegani kwa sababu ya baridi, nywele zimejaa vumbi kama mtu aliyepakwa unga. Jumapili nilimwona tena kanisani. Aliimba besi kwenye kwaya, na shati lake lilikuwa lile lile kila wiki, safi lakini limefifia kwenye kola. Aliposema anataka kuja kwetu kujulikana, mama aliniuliza anafanya kazi gani.

"Ni taniboi, mpakiaji wa lori," nikajibu.

Mama aliendelea kuchagua maharagwe. "Si mbaya," alisema mwishowe. "Atajifunza kuendesha."

Haikupita wiki, baba akarudi kutoka stesheni jioni akicheka peke yake mlangoni. "Huyo taniboi wako," alisema, "unajua baba yake ni nani? Lori ni la baba yake! Na lile duka la unga ni lake, na ile hoteli ya chai pale karibu na soko."

Siku zile Mwafrika mwenye lori lake mwenyewe hakuwa mtu wa kukutana naye kila siku. Mama aliacha maharagwe. Mimi nilimkasirikia yule kijana kwa kunificha, lakini alipokuja alishangaa. Hakuwa amenificha kitu. "Lori ni la baba," alisema. "Mimi kazi yangu ni kubeba magunia. Ananilipa kama wale wengine."

Sisi tulikaa kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na jiko la nje. Baba alipaka grisi magurudumu ya mabehewa. Alifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, na mikono yake ilikuwa na weusi ambao sabuni ilikuwa imeshindwa kuutoa. Lakini Jumapili alivaa suti, tai na kofia, na viatu alivipiga rangi mpaka vikang'aa. Hakuna aliyemzidi kwa usafi katika kanisa lote, labda mchungaji peke yake.

Mshahara ukitoka, baba hakuja nyumbani mikono mitupu. Alileta mkate mzima, nyama, jamu ya kopo, na siagi. Aliwaita watoto wa majirani mpaka mlango ukaziba, akamkatia kila mmoja kipande. Tulikula kama watu wa Krismasi. Wiki mbili baadaye mama alikuwa anapima unga kwa kikombe, akikwangua ukingo kwa kidole usizidi. Sikuona ajabu yoyote katika hayo. Nilidhani ndivyo mwezi ulivyoumbwa, una mwanzo mnono na mwisho mwembamba, kwa watu wote.

Basi nikaolewa, nikahamia kwa baba mkwe, nyuma ya duka la unga.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni koti lake. Lilikuwa koti la jeshi alilonunua kwa mtu baada ya vita, na viwiko vilikuwa vimeshonewa viraka vya turubai. Alilivaa dukani, alilivaa sokoni, alilivaa hata ofisini kwa mkuu wa wilaya. Wageni waliokuja kumtafuta tajiri walimkuta amekaa kwenye debe mlangoni, wakamuuliza, "Mzee, mwenye duka yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," angejibu. "Ulitaka nini?" Na hapo angesikiliza shida yote ya mtu, na bei anayotaka, na kiasi ambacho yuko tayari kupunguza, kabla ya yule mtu kujua alikuwa anaongea na nani.

Cha pili kilikuwa sukari. Asubuhi yangu ya kwanza nilipika chai kama tulivyopika kwetu mwanzo wa mwezi, tamu ya kweli. Kwa desturi yetu mke wa mtoto hakai na baba mkwe wake wala hamsemeshi ovyo, kwa hiyo mimi nilikuwa jikoni, yeye sebuleni. Nikasikia sauti yake ikipita ukutani.

"Mama watoto! Leo kuna harusi nyingine hapa?"

Nililia juu ya sufuria. Mama mkwe aliingia, akafunga mlango kwa mguu, akakaa kwenye kigoda na kunywa ile chai yake mpaka ikaisha. "Nzuri sana," alisema. "Usilie. Mimi alinifanya nikalia kwa ajili ya mafuta ya taa."

"Lakini ana pesa, Mama."

"Anazo."

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya kubana sukari ndiyo akazipata?"

Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Kwa sukari? Hapana. Ungebana sukari miaka mia, usingenunua hata tairi moja la lori. Sukari ni tabia yake tu."

Maneno hayo sikuyaelewa mpaka lori lilipoanguka.

Ilikuwa msimu wa mvua kubwa, na barabara ya kushuka kutoka Molo ilikuwa tope tupu. Nilikuwa jikoni mchana, nikaona mume wangu anaingia uani kwa miguu, amefungwa mkono kwa kitambaa cha shati. Lori liliteleza kwenye kona, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Viazi vilimwagika mpaka bondeni. Baba mkwe alikuwa anakula ugali. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, nikingoja kusikia kilio.

"Dereva?" aliuliza.

"Mguu umevunjika. Yuko hospitali."

"Na wewe?"

"Ni mkono tu."

Aliushika ule mkono, akaugeuza huku na huku, akabonyeza vidole kimoja kimoja. Ndipo akauliza, "Na injini?"

"Injini ni nzima. Ekseli ndiyo imekatika."

Akarudi kwenye ugali wake. Akaumaliza, wallahi, akaomba maji akanawa. Kisha akavaa lile koti akatoka. Baadaye mume wangu aliniambia alivyofanya. Alikodi lori la Mhindi mmoja, akaenda mpaka kwenye ile kona, akawakuta akina mama wa pale wanaokota viazi kwa kujificha. Hakuwafukuza. Aliwaambia kila atakayejaza gunia moja achukue debe moja la viazi aende nalo nyumbani. Kabla ya saa ya amri ya serikali ya kutotembea usiku, viazi vilikuwa vimefika Nakuru. Na yule dereva aliendelea kupata mshahara wake miezi yote aliyokaa kitandani. Mimi nilijua kwa sababu mama mkwe ndiye aliyenituma kumpelekea mke wa dereva, na akaniambia nisipige kelele.

Usiku ule sikuweza kulala kwa kufikiria. Maana kwetu, miaka michache kabla, baba alikuwa amepoteza noti ya shilingi kumi kati ya stesheni na landhi. Tulipiga magoti njia nzima, mimi na mama na ndugu zangu, tukipekua majani na kokoto za reli. Mama hakula siku mbili. Baba hakusema neno wiki nzima, na Jumapili hakuvaa suti. Noti moja. Na huyu mtu amepoteza lori na anaomba maji ya kunawa?

Nilimuuliza mume wangu.

"Si mara ya kwanza," alisema. "Lile la kwanza liliungua lote, mimi nikiwa mdogo. Anajua njia ya kurudi."

Hapo nikaanza kuona. Kwetu pesa ikitoka imetoka, na hatukujua kama ingekuja nyingine. Kwake ilitoka na kurudi kama lori lenyewe, na kama imechelewa njiani alienda kuiangalia imekwama wapi. Hakuiogopa. Baba yangu aliiogopa sana, na nadhani ndiyo sababu hakuweza kukaa nayo nyumbani zaidi ya siku tatu.

Baba alipokuja kututembelea alikuja na suti yake, na mkononi mkate, kilo mbili za sukari, na nyama imefungwa kwa gazeti. Nilijua ni katikati ya mwezi, na nilijua mama angekosa nini nyumbani kwa ajili ya nyama ile. Baba mkwe aliipokea, akaipima kwa mkono kama mtu wa dukani.

"Mkwe," alisema, "umechinja ng'ombe mzima?"

Alitaka kuchekesha. Lakini baba alijiona amedharauliwa, na chai hakuimaliza.

Hata hivyo walipendana, kwa njia yao. Siku moja walienda pamoja mtaa wa maduka ya Wahindi, baba akitaka kofia mpya. Mimi nilifuata nyuma na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Mwenye duka alitaja bei, baba akaingiza mkono mfukoni kutoa pesa, na baba mkwe akamshika kiwiko.

"Ngoja. Hiyo ni bei ya salamu tu."

Akaanza. Aliigeuza kofia, akainusa, akasema imekaa dirishani ikapigwa na jua, akaenda mlangoni, akarudi, akauliza habari za watoto wa mwenye duka, akaenda mlangoni tena. Mwenye duka naye alipandisha mikono juu, akaapa kwamba atafunga duka arudi Bombay. Walikuwa wanafurahi wote wawili kama watoto. Mwishowe kofia ilishuka bei karibu nusu. Tulipotazama, baba hakuwepo. Alikuwa nje barabarani, ametugeuzia mgongo, anaangalia baiskeli za watu.

"Mbona ulitoka?" baba mkwe aliuliza.

"Nimeona aibu. Atafikiri sina."

Baba mkwe alimtazama, kisha akajitazama mwenyewe, viraka vyake vya turubai na viatu vilivyopasuka. Nadhani hakuwahi kufikiria jambo hilo. "Mimi pia anafikiri sina," alisema polepole, "na mimi sijali."

"Wewe unaweza kutojali," baba alimjibu. "Wewe ukichakaa, watu watasema tajiri ana vituko. Mimi nikichakaa, nimechakaa tu."

Baba mkwe alimvalisha baba ile kofia kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka sawa, na tukaenda nyumbani.

Kisha baba akafikisha miaka ya kustaafu, reli ikamlipa kiinua mgongo chake. Hakuwahi kushika pesa nyingi hivyo maishani. Nilienda kwetu kumsalimu, nikamkuta amekaa kitandani na bahasha mapajani, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshikilie.

Baba mkwe naye alifika, koti lile lile. Akakataa chai, jambo lililomtia mama wasiwasi, akasema moja kwa moja.

"Mkwe, kuna mashine ya kusaga unga inauzwa. Mzungu mmoja anauza vitu vyake. Tuinunue, nusu yako, nusu yangu, tuipeleke kule nyumbani kwenu magharibi. Hakuna mashine pale mpaka uvuke mto. Utakuwa unalala na pesa inaingia."

Mama aliinua macho kumtazama baba. Nilimwona. Baba aliikunja ile bahasha, akaikunjua.

"Asante, mkwe. Nipe siku nifikirie."

Alifikiria siku tatu. Siku ya nne alienda mjini, akamnunulia mama viatu vya ngozi na koti la sufu la rangi ya kijani. Mama alikuwa hajavaa viatu vyake mwenyewe tangu azaliwe. Akanunua mabati ya nyumba ya kule kwetu. Halafu akanunua fahali, akaenda kuomba ruhusa ofisini, maana wakati ule serikali haikuruhusu watu wengi kukusanyika bila karatasi, akatangaza kwamba Jumamosi landhi nzima itakula kwake.

Habari zilifika nyuma ya duka la unga kabla yangu. Baba mkwe alitembea uani kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa vile hakuweza kunigombeza mimi, alimgombeza mkewe nikisikia.

"Mwambie huyo msichana kwamba baba yake anakula mashine! Anaichinja na kuila na mchuzi! Miaka yote ya grisi, iishe Jumamosi moja?"

"Amesikia," mama mkwe alisema. "Utaenda?"

"Niende kuangalia nini?"

Lakini Jumamosi alikuja. Ilianza asubuhi, kwa sababu ilibidi iishe kabla ya jua kuzama. Masufuria yaliwekwa katikati ya safu mbili za nyumba, kulikuwa na mtu wa kupiga kodiani na mwingine wa kupiga chupa ya soda kwa msumari, na watu wa makabila yote waliofanya kazi reli. Mama alitembea ndani ya viatu vipya kama anakanyaga mayai, na koti la sufu hakulivua ingawa jua liliwaka.

Watu walipokula, walianza kusimama mmoja mmoja. Dereva mmoja wa treni alisema baba ndiye aliyemwosha na kumlisha alipougua homa ya matumbo na mke wake yuko mbali. Mama mmoja mjane alisema mumewe alipofariki, baba alipita mlango kwa mlango na kofia yake mpaka nauli ya kumsafirisha marehemu ikapatikana. Kijana mmoja, karani, alisema baba ndiye aliyemnunulia slati yake ya kwanza ya kuandikia shuleni, akasingizia kwamba ameiokota. Mambo mengine hata mimi sikuyajua, na mama pia, kwa jinsi alivyokuwa anamtazama.

Baba mkwe alikaa kwenye kiti walichompa, kofia magotini. Nilipompelekea maji ya kunawa alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alinisemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Hawa wote baba yako anawajua majina?"

"Ndiyo, Baba. Na ya watoto wao."

Alinawa taratibu, kidole kwa kidole. "Mimi mtu akija kwangu," alisema, "kabla hajakaa huwa nimeshajua ametaka nini. Hawa hawataki kitu. Wamekwisha kula na bado wako."

Nikampa taulo.

Muda mfupi baadaye baba alikuja na kofia yake mpya, akamshika mkwe wake mkono kumwinua acheze. Baba mkwe alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisimama, akalivua lile koti, akalikunja vizuri na kulilaza juu ya kiti. Ndani alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, ambalo mke wake alisema amelinunua siku ile ile asubuhi, na kwamba hakuomba kupunguziwa. Alicheza vibaya sana, miguu ikitafuta ngoma na kuikosa. Baba alimzunguka huku amenyanyua mikono miwili, na watu wote wakapiga makofi kwa ajili yao.

Sitaki kusema baba alifanya sawa kuliko mwenzake. Pesa zilizobaki hazikutosha fundi na mbao, na kule magharibi nyumba ilipata bati upande mmoja tu. Miaka miwili ya kwanza mvua ikinyesha, yeye na mama walihamia upande wenye bati pamoja na kuku. Mama alinieleza hayo akicheka, lakini hakucheka muda mrefu. Mashine ya kusaga baba mkwe aliinunua peke yake, akaiweka sokoni kule kwetu kama alivyopanga, na akamwomba baba aisimamie kwa mshahara. Kwa hiyo baba aliamka kila asubuhi, akavaa kofia yake, akaenda kufungua mlango wa kitu ambacho nusu yake ingekuwa yake. Nilimuuliza kama hiyo ilimuuma. Alisema inamuuma siku za Jumatatu.

Wajane na wazee aliwasagia bure. Baba mkwe aliligundua hilo alipokwenda kuangalia mashine, wakagombana mbele ya watu sokoni.

"Unanifilisi, mkwe!"

"Basi nifukuze."

"Nikufukuze nimpate nani? Mwizi?"

Hakumfukuza. Aliporudi Nakuru alisema tu kwamba watu wa kule wote wanaleta mahindi yao kwa baba, hata wale wenye mashine karibu na kwao siku hizi, na kwamba hilo nalo ni biashara, ila yeye asingeweza kuifanya kwa sababu hana uso wa kuifanyia.

Safari ile ya kuangalia mashine alikwenda na mama mkwe. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumchukua popote ambapo hapakuwa na mzigo wa kuchukua au kuacha. Walipanda treni, daraja la tatu bila shaka, wakateremka Kisumu kwanza, na mama mkwe alipouliza wanashukia nini, alijibiwa, "Kutembea tu." Aliogopa. Alidhani mumewe ameambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa.

Alinisimulia yote aliporudi, tumekaa jikoni tunachambua sukuma wiki. Walikwenda mpaka ziwani, wakakaa kwenye jiwe. Mumewe alimnunulia soda, na nyingine ya pili alipomaliza ile. Walitazama maji. Alimuuliza kama anapenda, akasema anapenda.

"Tukakaa," mama mkwe alisema, "mpaka jua likawa hapa. Nikafikiri, huyu mtu leo amebadilika kweli. Mara akainuka. Nikamwona anateremka kwa wale akina mama wa samaki. Nikajua!"

"Alikwenda kununua?"

"Kuuliza tu. Wakichukua lori zima, bei inakuwa ngapi." Alijifuta macho kwa ukingo wa leso. "Lakini alirudi, mwanangu. Alirudi akakaa tena pale kwenye jiwe, na safari hii alinishika mkono."